Pascal Hakuwemo Mtumbwini

Harufu ya shitingi iliyolowa hunikasirisha hadi leo. Juzi mvua ilimkuta muuza nyanya mmoja barabarani, akajifunika shitingi yake, nami nilipopita karibu nikajikuta nimekunja ngumi. Tanga la mtumbwi wetu lilishonwa kwa plastiki hiyohiyo, yale maturubai ya wakimbizi. Nawaeleza ninyi, maana nyumbani kwetu kisa hiki husimuliwa kwa uongo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baadhi ya Jumapili, wavuvi wa mtaa wetu kule Uvira, kando ya ziwa, walishindana kwa matanga: mtumbwi mdogo, mtu mmoja, kutoka ufuo wa Kavimvira hadi soko la samaki. Kafi lilikuwa la kuelekezea tu. Ukipiga nalo maji, umeondolewa. Mtumbwi wa baba uliongozwa na kaka yangu Pascal, mwenye miaka kumi na saba na mwili wa mbeba mizigo. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba tanga kichwani hadi pale mwanzo, basi.

Jioni ya kisa hiki upepo ulikuwa haba. Baba akamtazama Pascal aliyekwisha kuketi ndani, akatazama maji yalivyokaribia kingo za mtumbwi, kisha akanitazama mimi. Akamvua Pascal shati na kofia, akanivisha, wengine wakiwa wanahangaika na matanga yao.

"Weye iko mwepesi," aliniambia. "Ingia. Lakini usifungue kinywa. Bantu bakijua, minye nimekwisha."

Nilimwelewa: watu wasijue kwamba aliyemo ni msichana. Kwetu mwanamke hakukanyaga mtumbwi wa kuvulia. Walisema nyavu zitarudi tupu. Akina mama walianika ndagala, wale dagaa wetu, wakauza, wakalisha mtaa mzima, ila eti mguu wao ulifukuza samaki. Hata utotoni niliuona huo ni upuuzi.

Wenzangu wote walielekea mbali ziwani kutafuta upepo. Mimi kila jioni niligeuza ndagala karibu na mdomo wa mto Mulongwe, na nilikuwa nimekula mchanga mwingi uliopeperushwa na upepo wa mlimani, ule unaoteremka kwa bonde la mto jua likishazama. Kwa hiyo niliambaa na ufuo. Nilikaa bila kutikisika, hata mbu nilimwacha aninyonye. Kwa muda mrefu hakikutokea kitu, nikaanza kujilaumu. Halafu shingo ikapata baridi, kamba ikanivuta mkono, na maji yakaanza kunong'ona chini ya mtumbwi. Wanaume wazima walikuwa wamekwama kule mbali, wakiyatukana matanga yao. Nilicheka peke yangu, kimyakimya kama nilivyoagizwa.

Nilifika wa kwanza, giza likianza kuingia. Baba alinifuata hadi maji yakamfika kifuani, nikadhani anakuja kunibeba. Akashusha tanga, akanilaza chini, akanifunika nalo. Pascal, aliyekuwa amekimbia naye kwa njia ya ufuoni, akapanda mahali pangu.

Nililala katika maji machafu ya mtumbwi nikisikia wanavyomwinua kaka yangu mabegani. Mtu mmoja aliuliza nani alimfundisha kuujua upepo namna ile.

"Ni damu yangu," baba akajibu. "Huyu kijana yangu haogopake mayi ya ziwa."

Nyumbani, samaki mkubwa wa mukeke aliwekwa kwenye sahani ya Pascal. Baba aliniuliza kwa sauti ya chini nilifanyaje, nikamweleza yote, mdomo wa mto na shingo iliyopata baridi. Nikangoja amwambie mama. Alisema tu kwamba mchuzi umepungukiwa chumvi.

Kwa miaka mingi nilidhani alinionea haya. Nilipoanza kulisha watoto wangu ndipo nilipoelewa kwamba aliogopa: wavuvi aliovua nao wangemtenga, nasi tungelala njaa. Hofu hiyo naijua, na kwa ajili yake nilimsamehe.

Lakini wale wavuvi wameshazikwa wote, na mtumbwi uliuzwa zamani. Pasaka iliyopita baba alimkalisha binti yangu karibu naye, akamsimulia jinsi mjomba wake Pascal alivyongoja pale kwenye mdomo wa mto, hadi shingo ikapata baridi. Pascal alikuwapo, anakula, hakuinua macho.

"Mwenye alishika kafi ile siku ni minye, baba," nikasema.

Alinitazama bila kushtuka. "Ninajua, mwanangu. Lakini sasa itasaidia nini?"

Hofu ilikuwa ya jioni moja. Miaka yote iliyofuata, baba alipenda tu aliyeshinda awe Pascal.