Mtaro Uliofagiwa kwa Ajili ya Kamera

Jumamosi iliyopita wanafunzi wanne walifika mtaani kwetu Sarang'ombe kupiga filamu kuhusu mtaro wetu uliozibwa na plastiki. Wakaukuta umefagiwa, chupa na mifuko yote imetiwa guniani.

"Mathe, mbona mmesafisha? Filamu inatakikana leo jioni!" akalia msichana mwenye kamera.

Mathe huyo, mama muuza mandazi wa mtaani, ufagio mkononi, alimtazama juu hadi chini. "Wageni wanakuja na kamera, niache uchafu? Si mama yangu ataniona kwa filamu hiyo huko kwetu Kitui!"

"Basi tumwage gunia kidogo tu, halafu tuzoe tena."

"Jaribu uone!"

Ikabidi wampige picha yeye, akilikalia gunia.

Mahubiri ya usafi niliyoyasikia hayana idadi, na hakuna lililowahi kuuzibua mtaro ule. Naomba wanafunzi hawa waje kila Jumamosi, hata kamera ikikosa betri.