Ufukweni au kwa Mashua

Baba yangu mdogo na mimi tulizaliwa karibu wakati mmoja. Yeye alikuwa kitinda mimba wa nyanya, mimi kifungua mimba wa kaka yake mkubwa. Kwetu Wagusii hilo halibadilishi kitu: ndugu wa baba ni baba. Nilimwita tata, naye aliniita mwanangu. Kati yetu kulikuwa na ensoni, ile heshima inayomkataza mtu kumwona baba yake akiwa hajavaa, wala kutaniana naye, wala kuzungumza naye habari za mwili.

Tulifanya kazi katika shule moja karibu na Ekerenyo, yeye dereva, mimi mpishi. Miaka ya sabini ilipoanza akaja mwalimu wa sayansi kutoka ng'ambo. Alikuwa na mtungi wa chuma uliojaa hewa. Mtu huufunga mgongoni, akauma mpira wake mdomoni, akazama baharini na kupumua huko chini kama yuko nyumbani. Tata aliuzunguka mtungi ule kama mnunuzi anavyomzunguka fahali sokoni.

"Mwalimu, huko chini kuna milima?"

"Ipo. Na mabonde."

"Yenye mteremko kama huu wetu?"

"Njoo ujionee mwenyewe."

Nilidhani ni mzaha. Lakini mwalimu alikuwa na gari kuukuu, akahitaji dereva wa safari ndefu na mtu wa kupika. Akasema likizo ya Desemba twende wote watatu, na kila mmoja atazama. Kwanza alitufundisha katika bwawa la samaki la shule. Tata alijifunza asubuhi, mimi jioni. Mmoja akiwa bwawani na kaptura tu, mwenzake hakukaribia. Mwalimu aliniuliza kama tumegombana. Nikamwambia hapana, ni baba yangu. Akatutazama, rika moja, ndevu moja, akarudi kwenye mtungi wake.

Wiki moja kabla ya safari alituita jikoni akatueleza kuwa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupanga nyumba ufukweni na kuingia majini kwa miguu, ukisubiri maji yajae. Hufiki mbali, lakini unalala nchi kavu. Ya pili ni kukodi mashua ya injini, kulala humo, na kurukia kwenye kina kirefu, huko mwamba unakokatika na mlima wa chini ya maji unashuka mpaka gizani.

"Chagueni nyinyi," alisema. "Mimi nimeona kote."

Nilijua tata anataka mashua. Mlima ndio uliokuwa ukimnyima usingizi. Lakini mashua ina urefu wa hatua chache. Mtu atavulia wapi nguo? Ataoga wapi? Tatizo lenyewe lilikuwa la ensoni, na kwa ensoni hatukuweza kulizungumza. Tulikaa pale tukitazama sufuria.

Nikampelekea nyanya shauri hilo, kwa sababu kwetu mjukuu na nyanya hutaniana bila mpaka. Alikuwa akichambua punje za wimbi.

"Mume wangu," aliniita kama kawaida yake, "umekuja kuniaga uende kuliwa na samaki?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka ungo ukatikisika.

"Ulale chomboni na baba yako kama vifaranga? Mkienda haja je, mtafumba macho kwa zamu?"

"Ndiyo maana nimekuja. Muulize anataka nini."

Jioni tata akapita kwake. Sijui walisemaje. Kesho yake nyanya akanipa jibu, safari hii bila kucheka: "Anasema mlima anautaka sana. Lakini anasema heri auone nusu akiwa baba yako, kuliko auone wote na mrudi hamwezi kutazamana."

Tukachagua ufukwe. Mwalimu akapanga nyumba, na Desemba tukashuka pwani.

Nyumba ilikuwa ndogo, na karibu na maji palikuwa na jabali refu kuliko mtu. Tata akivua nguo upande wa huko, mwalimu akimngoja majini na mtungi wa pili wa kukodi, mimi nilikaa upande wa huku nikisikiliza. Nilisikia mkanda wa mtungi ukifungwa, kisha maji yakikanyagwa, kisha kimya. Nilishangaa jinsi kimya hicho kilivyokuwa kirefu. Aliporudi alivaa kila kitu, mpaka koti, ndipo akaja upande wangu. Maji yalikuwa yakimtoka masikioni.

"Mlima upo," alisema. "Mwanzo ni kama shamba lenye mawe. Halafu unateremka. Mwalimu alinishika mguu nisiendelee."

Nami nikaingia. Samaki walikuwa wengi na wa rangi, lakini niliwapita, nikitafuta alichokiona. Nilikuta mawe, nikakuta mchanga, kisha nikafika mahali sakafu inapoinama, kama pale kwetu barabara ya Nyamache inapoanza kushuka. Chini yake palikuwa buluu, halafu buluu nzito, halafu sikujua ni nini. Nami nilishikwa mguu.

"Uliona mwisho wake?" aliniuliza nilipokwisha kuvaa.

"Hapana, tata."

"Hata mimi."

Hatukwenda tena. Mwalimu alirudi kwao. Lakini miaka yote, tukiwa peke yetu garini, tata aliweza kuuliza ghafla: "Unadhani unaishia wapi?" Nami nilifurahi, maana hilo lilikuwa jambo ambalo baba na mwana wangeweza kulizungumza mchana kutwa.

Mwaka huu amefariki. Wanaume wa rika lake waliingia kumwosha na kumvika. Mimi, ingawa rika langu ni hilohilo, ni mwana; nilibaki nje, mgongo ukutani. Nilisikia maji yakimiminwa, kisha kimya. Nikangoja, kama nilivyongoja nyuma ya lile jabali, mpaka waliponiita na kuniambia sasa amevaa, naweza kuingia.