Tandiko Jekundu Siku ya Mtakatifu Marina

Vlasis alikuwa mtu wa maneno mengi, na hilo hata mwenyewe hakulikana. Ujanani alikuwa mhudumu wa meli za abiria, akafukuzwa kwa sababu alipiga soga na wateja mpaka kahawa ikapoa mkononi mwake. Akarudi kisiwani, akamwoa Aspasia, binti wa mvuvi, na baba mkwe akampa mashua kwa sharti moja tu: jina lisifutwe. Jina lenyewe ni Polikseni. Ndiyo, mama mkwe. "Nyumbani naamrishwa na binti, baharini nambembeleza mama," ndivyo alivyozoea kuwaambia wageni wake, nao hucheka, na Aspasia akisikia humrushia kitambaa cha vyombo.

Kazi yake ikawa hiyo mpaka mvi zikamwota. Mnamkodi kwa nusu siku, nyinyi wenyewe tu bila kuchanganywa na watu wengine, anawapeleka kwenye visiwa viwili vya kusini mkaogelee, halafu anazunguka upande wa magharibi kwenye mapango, na adhuhuri mko gatini. Muda wote huo mdomo wake haupumziki. Ana hadithi ya kila mwamba, na nyingine nina hakika alizitunga yeye.

Sasa mtu kama huyo, asubuhi ya siku ya Mtakatifu Marina, alitoka bandarini hajasema hata neno. Abiria wake walikuwa dada wawili waliostaafu, Kaliroi na Fani, walioendesha duka la mikate kule Larisa, bara kabisa, ambako bahari ni kitu cha kwenye televisheni. Kaliroi alikaa mbele, amekielekeza kifua kwenye upepo. Fani alikumbatia chuma cha pembeni kwa mikono yote miwili na hakukiachia.

"Nahodha, huyu dada yangu anauliza kama mashua inaweza kupinduka," alisema Kaliroi.

"Sikuuliza! Nilisema tu isipinduke."

Siku nyingine yoyote Vlasis angewapa majibu ya kuwavunja mbavu. Leo alitikisa kichwa, akatazama mbele.

Kilichomfunga mdomo kilikuwa shingoni mwa mkewe. Mwezi uliopita Aspasia alikuwa akijifunga mkufu, vidole vikagusa uvimbe mdogo, mgumu, chini ya koo. Akapelekwa hospitali kule Korfu, daktari akamchoma sindano, akavuta alichovuta, kikapelekwa kupimwa. Majibu mtapigiwa simu Jumanne, wakaambiwa. Jumanne ikafika, muuguzi akasema samahani, ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Na Alhamisi ndiyo hiyo.

"Siendi kazini," Vlasis alikuwa amesema.

"Ubaki ufanye nini? Unitazame shingo kama kuku wa sikukuu? Nenda zako, una wageni."

"Basi utanipigia simu."

"Nikupigie ukiwa pangoni na watu wa watu? Mambo haya hayasemwi kwa simu, mzee. Tumeshakubaliana. Ikiwa heri, nalitandika kwenye roshani lile tandiko jekundu la kitanda nililokuja nalo nikiolewa. Ukizunguka rasi utaliona hata bila miwani. Ukikuta roshani tupu, usikimbie. Funga mashua yako vizuri, uje. Utanikuta jikoni."

Alisema hayo akikaanga yai la mume wake, sauti imetulia kabisa. Vlasis alilila lile yai akijiona mwanamume mwoga kuliko wote waliowahi kuzaliwa kisiwani.

Basi wakafika kisiwa cha kwanza. Kaliroi akaruka majini na kishindo chake, akaogelea akipiga kelele za furaha kama msichana. Fani alibaki na chuma chake. Vlasis akatazama saa. Hata bado. Wakaenda kisiwa cha pili, akatazama saa tena, akaigonga, akaisikiliza.

"Nahodha, una miadi?" aliuliza Fani.

"Hapana, mama."

Wakaingia pango la kwanza. Pale maji ni buluu ambayo ukimwambia mtu hakuamini; mkono ukiuzamisha unang'aa kama wa malaika. Vlasis akajikaza, akatoa hadithi yake ya manowari ya vitani iliyofichwa humo, watu wake wakila machungwa ya kuibiwa huku adui akiwatafuta nje. Fani alisahau hofu kwa dakika nzima. Wakatoka, wakaingia pango la pili, refu, lenye giza, matone yakidondoka kutoka juu. Vlasis akazima injini. Ilikuwa saa nne na kitu. Simu haishiki huko, majabali yanaizuia, na hata kama ingeshika, wamekubaliana. Wakati huo huo kule nyumbani Aspasia ameinua mkono wa simu. Anasikiliza. Vlasis akafungua mdomo, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Humu ndani, wakati wa vita, ilifichwa manowari, na mabaharia wake walikuwa wakila machungwa..."

Tone likadondoka.

"Nahodha," alisema Kaliroi, "hiyo manowari umeshaificha kule pango la kwanza."

"Labda zilikuwa mbili," alisema Fani kwa huruma.

"Mbili, na machungwa yale yale? Hebu, mwanangu, una nini wewe? Tangu asubuhi unaligombanisha jicho na saa. Nimeuza mikate miaka mingi, mtu akiingia dukani na shida namjua kabla hajataja mkate."

Vlasis alikuwa na miaka sitini na miwili, na hakuna aliyemwita mwanangu tangu mama yake alipokufa. Likamtoka lote, uvimbe, sindano, tandiko na roshani. Alilia humo pangoni mbele ya wanawake asiowajua na hakuona haya. Alisema asichoweza kumwambia Aspasia, kwamba yeye bila yule mwanamke hajui hata soksi zake ziko wapi, na kwamba si soksi anazozililia.

Kaliroi hakumwambia mambo yatakuwa sawa. Alisema tu, "Washa injini. Mapango tumeyaona."

"Yamebaki mawili, mmelipia."

"Pango ni pango. Washa."

Vlasis aliwasha, akaisukuma Polikseni kuliko alivyowahi kuisukuma, mpaka maji yakawarukia usoni na Fani akaanza kuwataja watakatifu mmoja mmoja. Rasi ikakaribia. Wakazunguka, na mji ukafunguka mbele yao, nyumba zote zimepanda kilima, roshani juu ya roshani.

"Ipi?" alipiga kelele Kaliroi. "Roshani ipi?"

Vlasis alipunguza mwendo.

Mji mzima ulikuwa mwekundu. Kila roshani ilikuwa na tandiko, na kila dirisha lina zulia au kitambaa cha mezani cha bibi wa bibi, kutoka gatini mpaka kanisani juu. Ni siku ya Mtakatifu Marina, jamani! Picha yake inatolewa kanisani, inazungushwa mitaani mpaka baharini, na hakuna nyumba isiyotandaza kilicho bora walicho nacho ili apite penye heshima. Kila mwaka hivyo hivyo. Lakini ahadi yao waliifunga wakiwaza Jumanne. Majibu yalipoahirishwa, hofu ilikuwa imewajaa vichwani, wala hakuna aliyekumbuka kwamba Alhamisi Aspasia atatandika tu, iwe heri, iwe shari. Mwanamke wa kwetu aache roshani tupu mtakatifu akipita? Hata angekuwa anakata roho angetandika.

Na roshani yao ile pale, nyumba ya tatu chini ya mnara wa kanisa. Tandiko jekundu linapepea vizuri kabisa, na halimwambii kitu.

"Mpigie simu!" alisema Fani. "Ahadi gani tena! Piga!"

Akapiga. Simu ikaita nyumbani, ikaita, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Aspasia hapokei. Aspasia, ambaye hupokea simu kabla haijamaliza mlio wa kwanza ili aseme nani huyo.

"Yuko jikoni," alisema Vlasis polepole. "Amekaa jikoni hawezi kuinuka."

"Au yuko msalani!" alifoka Kaliroi. "Usimzike mtu kwa simu. Ingia bandarini!"

Kuingia nako hakukuwezekana. Mdomoni mwa bandari askari alikuwa amesimama juu ya mawe akiwapungia mikono, simameni, zimeni injini. Maandamano yalikuwa yameshafika gatini. Mashua zote zilikuwa zimekaa kimya majini, kwa sababu desturi ni hiyo: watu kimya na injini kimya mpaka padri amalize kuyabariki maji, na hapo ndipo manahodha wote hupiga honi kwa pamoja, mji ukatetemeka. Vlasis akazima. Sauti ya padri ikawafikia juu ya maji, imekokota, haina haraka hata kidogo. Padri wetu huyo hata ishara ya msalaba huifanya kwa mapumziko.

Vlasis alisimama ameshika usukani, macho yanachambua umati. Wanaume wenye makoti. Watoto. Wanawake nyuma ya picha, wameshika mishumaa. Hayumo. Hayumo. Halafu watu wa ukingoni wakasukumwa, mtu akalalamika, na akatokeza mwanamke mfupi mwenye gauni la nyumbani katikati ya nguo zote zile za sikukuu, amefika mpaka mwisho wa gati, kidole cha mguu kiko hewani.

Aspasia.

Hawezi kupiga kelele, padri anasali. Vlasis naye hawezi. Wametenganishwa na maji ya urefu wa mashua kumi na tano hivi. Akaweka kidole kwenye koo lake mwenyewe, akageuza kiganja juu kumuuliza: lile baya lipo?

Aspasia akainua kidevu juu na nyusi pamoja nacho, ile hapana yetu ya kimya, akakiinua sana mpaka shingo yote ikaonekana, na plasta ndogo nyeupe katikati yake. Hakuna. Akainua tena, kama amwambiaye kiziwi. Hakuna, mzee. Hakuna!

"Amesema nini?" alinong'ona Fani. "Mbona amekataa? Amekataa nini?"

Vlasis hakumsikia. Furaha ilimpanda kutoka miguuni, ikampata hana maneno, yeye, mwenye maneno kuliko kisiwa kizima. Mkono wake ukaenda kwenye honi, ukaikandamiza, ukabaki hapo.

Loo! Padri alikatizwa katikati ya sala. Wabebaji wa picha wakashtuka, Mtakatifu Marina akayumba begani mwao. Na manahodha wengine, waliokuwa wakisinzia juani, wakadhani wakati umefika na wao wamechelewa. Mmoja akapiga, wa pili akapiga, boti ya askari ikapiga, kengele za kanisa kule juu zikajibu, na bandari nzima ikalipuka kwa shangwe na maji hayajabarikiwa hata nusu. Padri alipunga mikono wee, akachoka, akautumbukiza msalaba majini hivyo hivyo. Fani aliachia chuma kwa mara ya kwanza siku hiyo, akamkumbatia Vlasis shingoni, na Kaliroi akawakumbatia wote wawili, na Polikseni ikalala upande na hakuna aliyejali.

Walipogusa gati Aspasia alikuwa anawasubiri, mikono kiunoni.

"Wewe mwanamume! Mbele ya mtakatifu! Mwaka mzima watu watanisema mimi."

"Hukupokea simu."

"Ningepokeaje na niko njiani nakimbia? Daktari kaniambia si kitu, ni maji tu yamejikusanya, nikatandika tandiko lako. Nikageuka, naona mtaa mzima mwekundu! Nikasema, basi, nimemuua mume wangu. Nimeshuka kilima na ndara, nimemkanyaga mke wa meya."

Njia nzima kutoka pangoni Vlasis alikuwa amepanga ya kumwambia. Ya kumtuliza alikuwa nayo, ya kumtia moyo alikuwa nayo, hata ya kumdanganya kidogo. Ya heri hakuwa nayo hata moja. Akaweka kiganja juu ya ile plasta, taratibu, mbele ya watu wote.

"Umekula?" akauliza.

Ndipo sauti ya Aspasia, iliyotulia mwezi mzima, ikavunjika.

"Nile nini, Vlasis? Tangu nilipougusa huu uvimbe kila tonge linanikwama hapa. Sikukwambia. Nilijua ni wenyewe unakua." Alifuta pua kwa mkono wa gauni, akicheka na kulia. "Kumbe ni hofu tu, mume wangu. Sasa hivi nina njaa, ningekula hata hiyo mashua ya mama."