Siku Nilipozima Gari Ziwa Basotu

Kaka yangu alikuja Katesh kwa siku tatu, na siku ya pili tu baba akaomba tumzungushe Ziwa Basotu. Mimi ninayeishi naye mwaka wa tisa sasa, mimi ninayemkanda mguu wenye kipande cha chuma cha vita vya Kagera, hajawahi kuniomba safari hata ya sokoni. Haya. Gari langu, dereva mimi.

Tulipita njia ya vumbi ya Hirbadaw, ngano huku na huku, hatukukutana na mtu ila ng'ombe. Baba alikaa mbele na mimi, lakini shingo yote ameigeuza nyuma kwa kaka. "Hapa tulikimbizwa mchakamchaka. Pale mbele ndipo tulipopandishwa malori." Jamani! Mambo hayo nimemuuliza mara ngapi? Mimi binti yake alinipa jibu moja tu: "Yaliisha, mama."

Ziwani wakashuka wawili. Mimi nikabaki kwenye usukani, kwa sababu betri ilikuwa imekufa. Ukizima, mpaka lisukumwe. Niliwaona wamekaa kwenye nyasi karibu na maji. Baba akaonyesha mbali, akaonyesha goti, halafu akajifunika uso kwa kofia. Kaka akamshika bega. Baba yangu analia, na mimi nimekaa nakanyaga mafuta! Wivu ulinishika. Nikazima gari, nikawafuata.

Waliponiona wakanyamaza.

"Endeleeni tu," nikasema.

"Tumemaliza," baba akajibu, anajipangusa. "Mbona umezima?"

Kaka akaenda kutafuta wavuvi waje kusukuma. Nikaona nafasi yangu ndiyo hiyo.

"Baba, nimekukosea nini? Huyu tunamwona Krismasi kwa Krismasi, ndiye unamwambia?"

Nilidhani atafoka. Alikung'uta kofia yake taratibu.

"Huyo kesho anapanda basi, anaondoka na habari yake. Wewe nikikwambia nilichomfanyia mtu kule vitani, kila asubuhi ukiniletea chai nitajua unakijua. Nitainywaje hiyo chai, mama?"

Nilimwelewa, kabisa. Lakini kaka alipotokea na wavuvi wawili, macho yake mekundu, nilitamani macho yale yangekuwa yangu.