Kifaransa cha Bi Mwanaesha na Jicho la Mamdogo

Nakumbuka vizuri, mwanangu, alasiri moja ya miaka ya tisini, nilivyosimama katikati ya sebule ya Bi Mwanaesha pale Malindi ya Unguja, mikono nyuma kama mtoto wa chuo cha Kurani, kijasho chembamba kinanitoka. Bi Mwanaesha alikuwa Mngazija. Kazaliwa Moroni, kaolewa Unguja, na mumewe alipofariki akabaki hapa na Kifaransa chake. Wakati ule watalii walikuwa wameanza kujaa mjini, na kila hoteli iliyofunguliwa ilitaka mtu wa mapokezi anayejua lugha za wageni. Mimi nimemaliza skuli, nipo nyumbani, baba hapendi kuniona nimekaa bure. Basi kila tukisha kusali alasiri, mimi na wasichana wenzangu tulikuwa tukipanda ngazi za Bi Mwanaesha kwenda kusoma.

Hakuwa na ubao. Mtindo wake ulikuwa huu: unasimama, unasema kwa Kifaransa jambo unalokwenda kulifanya, kisha unalifanya hapo hapo, wenzako wakikutazama. Siku hiyo zamu yangu ilikuwa ya kufunga mlango. Nikavuta pumzi, nikasema, “Je vais ferme la porte.”

“Rudi,” akaniambia, kabla sijapiga hatua. “Mlango huo haufungiki kwa maneno hayo.”

Wenzangu wakacheka. Mimi uso ukanipanda moto, maana nilikuwa mtu wa haya sana, nikicheka meno siyaonyeshi.

Bi Mwanaesha hakucheka. Akanivuta karibu na kiti chake. “Wewe Thuwaiba, kwa Kiswahili ungesema nini?”

“Nnakwenda kufunga mlango.”

“Na mwenzako je?”

“Anakwenda kufunga mlango.”

“Na sote?”

“Tunakwenda kufunga mlango.”

“Sasa niambie, kufunga kumebadilika?”

“Hakukubadilika, Bibi.”

“Basi na Wafaransa ni hivyo hivyo. Kinachobadilika ni kile kwenda. Je vais, mimi nakwenda. Tu vas, wewe. Il va, elle va, yeye. Nous allons, sisi. Vous allez, nyinyi, au mtu mmoja unayemheshimu. Ils vont, wao. Kitenzi cha pili unakiacha kama kilivyozaliwa. Fermer. Usikiguse.”

Nikasema, “Je vais fermer la porte,” nikaenda nikaufunga. Nakwambia, mwanangu, sijapata kuufunga mlango kwa raha kama siku ile.

Juzi umeniambia hapa pa je vais ndipo Kifaransa kilipoanza kukushinda, ndiyo maana nakueleza kwa kirefu. Bi Mwanaesha alitufundisha pia wakati wa kusema hivyo. Kuna jambo utakalolifanya huko mbele, Mungu akipenda, na hilo lina njia yake nyingine ya kusemwa. Hii ya je vais ni ya jambo lililokwisha kuonyesha dalili, au wewe mwenyewe umekwisha kulikusudia. Wingu limetanda juu ya Forodhani, unasema il va pleuvoir, mvua inakuja sasa hivi. Umeshika kikombe, unasema je vais boire, nakwenda kunywa.

Kilichonitesa zaidi kilikuwa kukanusha. Bi Mwanaesha alinipandisha juu ya kigoda, akanitaka niseme kwamba sianguki. Ilitakiwa je ne vais pas tomber. Mimi kwa woga nikasema je vais tomber.

“Ushaanguka,” akasema. “Umetwambia unakwenda kuanguka, na sisi tumekuamini.” Kisha sauti yake ikageuka, ikawa ya ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. “Sikiliza. Ne na pas wanamkumbatia huyo vais au va, mmoja mbele, mmoja nyuma. Lakini wenyewe wakisema haraka wanammeza ne. Utasikia pas peke yake. Ukikosa kuisikia hiyo pas, utawapa watu habari iliyopinduka. Lugha si mapambo, Thuwaiba. Kuna mtu atasimama juu ya neno lako.”

Nilinung'unika moyoni. Nilidhani Bibi ananionea.

Haukupita muda mrefu, mama mdogo wangu akaletwa mjini kutoka Matemwe. Jina lake Bi Mize, mdogo wake mama, mkulima wa mwani. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, hata kamba za mwani alikuwa akizifunga kwa kupapasa. Mwishowe hakuweza kwenda pwani bila ya kushikwa mkono. Tulisikia wamekuja madaktari wa macho kutoka Ufaransa, wapo hospitali kwa siku chache, wanapasua bila ya malipo. Nikampeleka mimi.

Tulikaa kwenye benchi ukumbini na wagonjwa wengine. Aliyetangulia kuingia alikuwa mwanamume mmoja mpana, mchukuzi wa bandarini. Hata muda haujapita tukasikia kishindo na ukelele, na yule bwana akatoka mbio, shuka imemning'inia begani, anasema, “Wanataka kunichoma jicho na hawanambii kitu! Mtu anakuja na sindano kimya kimya!”

Muuguzi akatoka nyuma yake, Mzanzibari mwenzetu, amechoka. Akatueleza kwamba mkalimani aliyekuwa akija kutoka Dar ameugua, na Kiingereza cha daktari ni cha kuokoteza. Mgonjwa halazwi usingizi, anatiwa ganzi tu, na akishtuka kisu kikiwa jichoni, jicho limekwenda. Kama hawapati mtu wa kuzungumza na wagonjwa, itabidi waache.

“Hapa hakuna anayejua Kifaransa?” akauliza.

Nikatazama sakafu. Mamdogo hakuwa na macho lakini mkono wake uliniona. Alinifinya paja. “Si wewe unayekwenda kwa Bi Mwanaesha kila siku?”

“Nnajifunza tu, Mamdogo. Sijafika popote.”

“Basi leo jifunzie jichoni mwangu. Bila ya hivyo nnakwenda zangu Matemwe, mimi sichomwi na mtu asiyesema.”

Nikainuka. Wakanivika kanzu ya kijani na kitambaa cha mdomo, nikasimama kichwani pake, mkono wangu umo katika mkono wake. Daktari sauti yake ilikuwa ya kike, lakini uso wote umefunikwa, yamebaki macho. Akaanza kusema, na mwanangu, nilikuwa sijui maneno yote, lakini kila sentensi ilianza kwa lile lile nililosimamishwa nalo sebuleni. Je vais nettoyer. “Anakwenda kusafisha, Mamdogo.” Je vais mettre une goutte. “Anakwenda kukutia tone la dawa.” Ça va piquer un peu. Hapa nilitaka kuitikia, nikidhani ananijulia hali, maana ça va ndiyo salamu yao! Kisha nikaisikia ile piquer, nikamwambia, “Inakwenda kuchoma kidogo, vumilia.”

Mamdogo alivumilia. Ganzi ikaingia. Nikaona wanachukua kile kisu kidogo, na yeye akasikia mlio wa vyombo, mkono wake ukakaza wangu hata vidole vikaniuma. Daktari akasema kwa haraka, nyuma ya kitambaa, “Elle va pas avoir mal.”

Va. Avoir mal, kuumia. Ulimi wangu ulikwisha kufika kwenye “unakwenda kuumia.” Mwili wote wa Mamdogo ulikuwa unangoja neno hilo. Nikalirudisha. Nikaisaka pas, nikaikuta imekaa pale pale, ndogo kama punje, na ne imemezwa.

“Huendi kuumia, Mamdogo. Anasema huendi kuumia.”

Mkono wake ukalegea.

Katikati ya kazi akaniambia kwa sauti ndogo, “Muulize, nitaona?”

Nikauliza kwa Kifaransa changu cha kuungaunga. Daktari akajibu, “On va essayer.” Tunakwenda kujaribu. Nilitamani kumwambia Mamdogo kwamba ataona, nimfurahishe. Lakini hayo hayakuwa maneno ya daktari. Nikamwambia, “Anasema wanakwenda kujaribu.”

“Alhamdulillah,” akasema. “Kasema ukweli. Naendelee.”

Siku ya pili asubuhi daktari akaja kitandani, safari hii hana kitambaa usoni. “Je vais enlever le pansement.” Nikasema, “Anakwenda kukufungua bendeji.” Akaibandua taratibu. Mamdogo akafumbafumba jicho, machozi yakamtoka, akamtazama daktari, akamtazama tena.

“Huyu?” akasema. “Msichana mdogo hivi? Laiti ningelimwona jana, nisingelimpa jicho langu!”

Nikaangua kicheko hadi nikashindwa kutafsiri, na yule daktari, ingawa hakufahamu hata neno moja, akacheka na sisi, akamkumbatia. Mchana ule nilibaki kuzungumza na wagonjwa waliofuata, na yule mchukuzi akarudi mwenyewe, akalala kimya, nikimwambia kila kitu kabla hakijamfika. Kazi ya hoteli sikuiomba tena. Niliingia chuoni nikasomea ualimu, na umri wangu wote nimefundisha Kifaransa, na Mamdogo alirudi pwani kufunga mwani, akiziona kamba kwa jicho lake mwenyewe.

Sasa nakuusia, mwanangu. Usidharau somo kwa kuwa ni dogo. Kiseme hicho je vais na huku unakitenda: unakwenda kusoma, sema kisha soma, unakwenda kupika, sema kisha pika, mpaka ulimi ukizowee. Ukikosolewa mbele ya watu usikimbie, kwani anayekukosoa sebuleni anakuepusha na aibu kubwa zaidi nje. Ukiwa baina ya watu wawili wasioelewana, wape maneno yaliyosemwa, usiongeze utamu wala usipunguze. Na popote utakapomkuta mtu ana hofu, awe mgonjwa, awe mgeni, awe mwanao, mwambie kinachomjia kabla hakijamfika. Nusu ya hofu ya binadamu ni kutokujua.

Mwenyezi Mungu akufungulie moyo na ulimi, akujaalie walimu wenye subira na wewe uwe na subira nao. Akuweke mahali ambapo neno lako litakuwa faraja kwa mwenye kulisikia, na kila unachokwenda kukifanya akitie kheri na baraka. Amin.