Kikapu Kilirudi na Viazi

Paka wangu alikuwa dume, mweupe, mwenye baka jeusi mgongoni kama aliyeegemea ukuta wa masizi. Jina lake sitaliandika. Dada yangu alishalisoma daftari hili bila kuniomba, na jina lile nataka libaki kwangu.

Tunakaa Keko. Baba ni fundi seremala na karakana yake ni banda la mabati mbele ya nyumba, upande wa barabara. Nyuma kuna vyumba vyetu na ua. Nyumba hii haijawahi kukosa unga wa mbao, unaukuta kwenye nywele, unaukuta kwenye chai. Kwa hiyo paka alipokuja, bado kitoto, sikuhangaika. Nilichukua sanduku moja bovu, nikalijaza unga wa msumeno, nikaliweka karibu na bafu, naye akajua kazi yake siku ileile. Anachimba, anamaliza, anafukia. Mama alikuwa akimsifu mbele ya majirani: "Huyu ana adabu kuliko wanangu wote."

Nilikuwa kidato cha pili alipoanza kwenda sandukuni kila mara. Akitoka, anarudi. Anachuchumaa mpaka mkia unamtetemeka, halafu anaondoka bila kufukia kitu. Mie nikaona ni mchezo. Baadaye akaanza kuacha matone sehemu za baridi: kwenye sakafu ya bafu, ndani ya karai la kufulia. Na siku moja, alasiri, kwenye mswala wa baba.

Kwetu paka haendi kulala nje. Baba akisujudu, paka alikuwa akipita mbele yake, naye humsogeza taratibu kwa kiwiko na kuendelea na swala. Paka si najisi, mkojo wake ndio najisi. Mswala ukilowa lazima ufuliwe, na mwaka ule sabuni ilikuwa ya kupangia foleni duka la ushirika tangu asubuhi, unaondoka na kipande cha kukata kwa uzi.

Nikasema ni mtoto wa dada.

Mtoto alikuwa na miezi minane, hawezi kujitetea. Dada yangu, aliyekuwa amerudi nyumbani kujifungua na bado hajaondoka, akaufua mswala kwa kile kipande alichokuwa amekificha kwa ajili ya nepi. Nilimwangalia anavyosugua, nikanyamaza. Jioni nikayaandika yote humu, maana mie ni mtu wa kusema kwenye karatasi. Mdomoni maneno hunikwama.

Mara ya pili baba alimkuta paka mwenyewe juu ya mswala, amechuchumaa.

"Nyie! Njooni mmwone mstaarabu wenu!"

Dada akatoka jikoni. Alipoona, hakumtazama paka, alinitazama mie. "Kumbe," alisema. Halafu akacheka kwa sauti ili wote wasikie. "Huyu ni kupe, baba. Anakula, analala, hajawahi kushika jembe, na bado anatukojolea. Mnyonyaji kabisa, wale wanaosemwa redioni! Mpeleke kijijini huyo akalime."

Mama alicheka mpaka akashika mlango. Hata mie nilicheka, hilo nalikiri. Baba hakucheka. Alisema, "Mara ya tatu anahama."

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilikuwa na mpango. Nilifikiri hivi: asipokunywa, hatakuwa na cha kukojoa. Nikamwaga maji ya bakuli lake. Nikawa nampa dagaa wakavu watupu, bila mchuzi. Na figo nilishaichora kwenye daftari la baiolojia, mwalimu akaniwekea vema na kuandika "kazi nzuri" pembeni, basi nilijiona najua.

Nilifikiri pia labda ameuchoka unga wa mninga. Kwa miezi mingi baba alikuwa akipasua mninga kwa makabati ya watu, na unga wake ni mwekundu wa kahawia, una harufu kali kidogo. Wiki ile ikaingia kazi ya mabenchi ya shule, mbao za podo, nyeupe. Nikamwaga ule wa mninga, nikajaza wa podo. Siku ya pili nilipokwenda kusafisha niliona madoa. Yalikuwa madogo kama vitone vya wino, ila rangi yake ni ya waridi, na moja lilikuwa jekundu kabisa.

Nilikaa chini palepale. Nilijiuliza ni siku ngapi damu ile ilikuwa ikidondoka kwenye unga wa mninga nami nachota na kutupa, nachota na kutupa, bila kuona.

Nilimwita baba. Alikuja na penseli yake sikioni, akachuchumaa, akachukua unga kidogo kati ya vidole, akaugeuza kwenye mwanga jinsi anavyokagua ubao wa mteja.

"Ni damu, baba?"

"Nimeona."

"Lakini ni damu?"

"Nimekwambia nimeona, mama."

Huniita mama akiwa na huruma. Neno lile lilinitosha.

Mama alisema paka amefunga choo, nikampa kijiko cha mafuta ya nazi. Akakitapika. Kufikia jioni alikuwa hali chakula. Alikaa ndani ya karai tupu, akijilamba chini ya mkia bila kupumzika, na nilipomshika tumbo lilikuwa limejaa na gumu, mviringo, kama chungwa bichi. Akalia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake.

Asubuhi kulikuwa na mtihani. Kabla ya kuondoka niliandika karatasi nikaiweka chini ya randa ya baba: "Baba, naomba paka apelekwe leo kwa bwana mifugo, Temeke. Tumbo limekuwa gumu. Tafadhali." Nilijificha nyuma ya mbao nimwone anavyosoma. Aliisoma mara mbili. Akasema kwa sauti, bila kugeuka, "Toka huko nyuma, nimekuona. Nenda shule. Nitampeleka mwenyewe."

Akakitoa kikapu cha ukili chenye kifuniko. Mie ndiye niliyemweka paka ndani. Hakupigana. Nilimtandikia kipande cha kanga, nikafunga kifuniko kwa kamba, fundo la kufunguka haraka ili bwana mifugo asipate shida. Mtihani ule niliufanya vizuri.

Niliporudi kikapu kilikuwa jikoni, kimejaa viazi vitamu.

"Yuko wapi?"

"Bwana mifugo amembakiza," baba alisema. "Siku tatu. Anamtia dawa."

"Na viazi?"

"Nimepitia sokoni. Kwani hutaki viazi?"

Tulivichemsha tukala na chai. Vilikuwa vitamu sana. Niliongeza.

Kwa siku mbili nilimwekea dagaa wa kula akirudi. Siku ya tatu nikasema nikitoka shule nitapitia kumwangalia. Mama aliinamia sufuria. Dada ndiye aliyewafunga dagaa kwenye gazeti, akazungusha uzi, akakata kwa meno. "Haya, mpelekee mgonjwa wako," alisema na kutabasamu. Nilijua alishasoma daftari, maana kuna ukurasa ulikuwa na alama ya kidole chenye mafuta. Nikafikiri, basi amenisamehe kuhusu mtoto. Nilikwenda shule nimefurahi.

Ofisi ya mifugo ilikuwa chumba kimoja chenye meza, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Bwana mifugo alikuwa mtu wa bara, amevaa buti za mpira, anaandika.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta kuku?"

"Hapana. Nimekuja kumwangalia paka."

"Paka yupi?"

"Wa baba. Fundi wa Keko. Mlimbakiza juzi mumtie dawa."

Akainua uso. "Binti, hapa habaki paka. Ng'ombe wenyewe hawabaki, nitamlaza wapi? Chini ya meza?"

"Labda alipokelewa na mwenzako."

"Mwenzangu yuko likizo. Mwezi wote huu niko peke yangu, na paka sijaletewa hata mmoja. Watu hawaleti paka."

Ningeweza kuondoka. Siku nyingine ningeondoka. Lakini mdomo wangu, ambao huwa haunisaidii, ulianza kusema, nikamweleza yote: sanduku, karai, unga wa mninga na unga wa podo, tumbo. Akaweka kalamu chini.

"Dume?"

"Dume."

"Anachuchumaa, anajikamua, hakitoki kitu?"

"Ndiyo."

"Hiyo si tabia mbaya, na wala hakufunga choo. Ni mkojo umeziba. Njia ya dume ni nyembamba sana. Mkojo ukiwa mzito unafanya chenga kama mchanga, chenga zinakaa njiani. Mtu akiona vile hasubiri kesho. Asimbonyeze tumbo, asimpe mafuta. Amchukue amlete saa hiyohiyo. Ikipita siku moja, mbili, uchafu unarudi mwilini, basi."

"Angeletwa juzi ungefanya nini?"

"Ningejaribu kumpitishia mrija mwembamba. Kuna wanaopona, kuna wasiopona. Ningejaribu. Maji alikuwa anakunywa?"

"Nilimnyima."

"Kwa nini?"

"Ili asikojoe ndani."

Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Alisema tu, "Ilitakiwa umpe mengi, na chakula chenye mchuzi. Ndiyo umejua sasa," akachukua kalamu yake.

Nje nilisimama juani na kifurushi changu. Baba hununua viazi Buguruni tu, kwa mtu wa kwao kusini. Na Buguruni, kila mtu wa Keko anajua, ndiko wanakotupwa paka waliochokwa, karibu na wakaanga samaki, ili mtu ajiambie kwamba hawatakufa njaa. Kikapu hakikufika Temeke. Kilikwenda upande mwingine kabisa. Na niliongeza viazi.

Nilimkuta baba anapiga randa mguu wa benchi. Mama na dada walikuwa wamekaa mlangoni wanachambua mchele. Nikaweka kifurushi cha dagaa juu ya mbao, mbele yake.

"Bwana mifugo anakusalimu," nilisema. "Anasema hajawahi kukuona."

Randa ikasimama. Mama akasema jina langu, polepole.

"Mwanangu," baba alisema, "sikutaka ulie siku ya mtihani. Kule kuna samaki. Paka hafi njaa Buguruni."

"Hakuwa na njaa. Alikuwa hawezi kukojoa. Wewe uliona damu. Ulisema umeona."

"Niliona. Nikasema, mnyama akishafika hapo ndiyo basi, asitufie ndani."

"Alikuwa na siku moja ya kutibiwa. Ulimbeba siku hiyohiyo, kwa miguu yako, ukageuza njia."

Nikamgeukia dada. "Na wewe ukafunga dagaa."

"Na wewe ukamsingizia mwanangu," alisema. Hakukunja uso. Alikuwa kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Kweli," nilisema. "Lakini mie sikutabasamu."

Akainamia ungo. Nilikwenda jikoni, nikamwaga viazi vilivyobaki sakafuni, nikarudi na kikapu. "Baba, twende ukanioneshe ulipomwacha." Sijawahi kumwamrisha baba kitu, kabla wala baada. Akavua aproni, akavaa kandambili zake, tukaenda.

Buguruni mkaanga samaki mmoja, mama mnene mwenye kanga mbili, alimtambua kabla hatujamsalimia. "We baba si ndiye uliyetutupia paka mweupe juzi? Ukadhani sikukuona?"

"Yuko wapi, mama?" niliuliza.

Akaona kikapu, akaniona mie, sauti ikashuka. "Pole, mwanangu. Alikaa hapa chini ya meza, panapolowa. Nilimpa kichwa cha samaki hakukitazama, nikamwambia, wewe umezoea kwa wakubwa nini? Anachuchumaa tu, anachuchumaa tu. Jana asubuhi nimemkuta amekauka. Wafagiaji wamemchukua."

Aliyasema hayo akigeuza samaki. Baba alisimama kando ameshika mikono nyuma kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nilitamani nimwonee huruma, haikuja. Mimi pia nilikuwa nimemwaga bakuli la maji, na hilo nililifikiria mpaka tukafika nyumbani. Lakini mie nilikosea nikitaka abaki.

Miezi miwili baadaye baba alileta kitoto cha paka, dume tena, ndani ya mfuko wa shati lake la kazi. Nilimpokea, kwani kosa si lake. Bakuli la maji liko uani, jingine karakana, jingine chini ya kitanda changu. Dagaa wake nawachemsha na mchuzi wao. Sandukuni natia unga wa podo peke yake, na kama hakuna podo naomba kwa fundi wa jirani. Kila asubuhi kabla ya shule nachuchumaa na kuhesabu palipolowa. Dada ananipita na mtoto mgongoni, husema, "Daktari, wagonjwa wanaendeleaje?" nami humjibu, maana maisha yanaendelea. Daftari hili nalibeba shuleni.

Baba namwamkia kila siku na ananiitikia. Akisema anakwenda dukani, naamini anakwenda dukani. Ila kikapu cha ukili nimekitundika kwenye msumari juu ya kitanda changu. Akitaka kwenda sokoni hubisha hodi chumbani, hungoja, nami hukifungua kifuniko mbele yake, nikahakikisha kitupu, ndipo nampa.