Ukurasa wa Put Off

Wiki iliyopita fundi alikuja kupiga lipu ukuta wangu wa uani, hapa Songea, akachana mfuko wa saruji na kuutandika juani. Harufu ya ile karatasi nzito yenye vumbi ikanipanda puani, nikaacha kufua, nikakaa chini. Fundi akadhani nimeshikwa na kizunguzungu. Yeye sikumwambia kitu, ila ninyi nitawaambia, maana nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Nilipokuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni, darasa letu zima lilikuwa na kamusi moja ya Kiingereza na Kiswahili, nayo ilivalishwa jalada la mfuko wa saruji. Aliyeitunza ni Sesilia, jirani yangu wa dawati, msichana mrefu na mpole, asiyejua kucheka kwa sauti. Alikuwa na daftari la zamu: nani kachukua kamusi, saa ngapi, karudisha saa ngapi. Kila iliporudi aliipekua kwanza, ndipo akaandika.

Mimi nilitoka shule ya msingi huko Lusewa, na Kiingereza changu chote kilikuwa salamu na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Baba hakutaka nisome. Alitaka mikono ya kuchuma tumbaku. Mama alilia siku tatu ndipo baba akakubali, kwa sharti alilolitamka mbele ya nyumba nzima: “Siku nitakayoitwa shuleni kwa ajili yako, ndiyo siku nitakayorudi na wewe. Na sanduku lako.” Dada yangu mkubwa alirudishwa hivyohivyo, na mwaka uleule akaozwa. Hayo yote nilimsimulia Sesilia tukila makande.

Basi madam wa Kiingereza akaja na mtindo wake. Kila mmoja wetu alipewa kitenzi cha maneno mawili, na Ijumaa asimame mbele aeleze maana zake zote na visawe vyake. Atakayeshindwa, Jumatatu aje na mzazi. Mimi nikaangukiwa na put off. Niliposikia neno mzazi, nikaanza kuhesabu siku zilizobaki kufika Ijumaa.

Zamu yangu ya kamusi ilikuwa Alhamisi, mapumziko ya mchana. Sikwenda kula. Nikakuta put off ni kuahirisha, ni kuzima taa, ni kumvunja mtu moyo, ni kumfanya akichukie chakula, na kila maana ina ukoo wake: postpone, delay, discourage, na wengine ambao hata kuwatamka sikuweza. Nilijiuliza Waingereza wenyewe wanaelewanaje. Baridi ya Juni ilikuwa imevitia vidole vyangu ganzi, na nilinakili herufi mojamoja. Kengele ikalia nikiwa bado kwenye kuzima taa.

Sikuwaza chochote. Nilikohoa kwa nguvu, nikachana ukurasa, nikausokomeza ndani ya sweta.

Sesilia akaja kuipokea kamusi. Akaipekua kama kawaida yake, akaniangalia.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

Akaandika kwenye daftari, akaenda zake. Nikashukuru kwamba hakuona.

Lakini aliyefuata alikuwa na put up, na put up ilikuwa ukurasa uleule. Ijumaa asubuhi madam aliinyanyua kamusi mbele ya darasa akauliza nani kaichana. Akamgeukia Sesilia.

“Wewe ndiye mtunzaji. Alikuwa nayo nani?”

Sesilia alisimama, daftari la zamu mkononi. Mimi nilikuwa natokwa jasho katika baridi ile, ukurasa umeniganda tumboni. Nilimwona baba mlangoni kabisa, na kofia yake, akiuliza sanduku liko wapi. Nilimsihi Mungu kwa Kingoni, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kidogo nilichokuwa nacho.

“Ilichanika mikononi mwangu, madam. Naomba unisamehe.”

Hakusamehewa. Alipewa fyekeo akafyeke majani nje ya dirisha, na Jumatatu aje na mzazi. Nami nikasimama, nikamwaga put off yote bila kukwama, maana nilikuwa nimekesha nayo chini ya shuka. Madam akafurahi. “Mpigieni makofi ya kilo!” Darasa likapiga kwa mpigo mmoja, kilo moja, kilo mbili. Nje, Sesilia aliinua kichwa kusikiliza, kisha akainama tena.

Sesilia hakuwa na mzazi wa kuja naye. Alilelewa na bibi yake, njia ya kwenda Peramiho, na bibi alikuwa hawezi tena kutembea. Jumatatu alitoka na sanduku lake na hakurudi. Dawati likabaki langu peke yangu, na Mungu anirehemu, nilifurahia nafasi ya kuweka viwiko.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hakuona, na kwamba mbele ya madam alibabaika tu kwa woga. Nilikuwa mama wa watoto wawili ndipo siku moja, nikikuna nazi, jambo likanijia lote. Jina langu lilikuwa kwenye lile daftari, na saa yake. Alichotakiwa ni kulifungua tu. Alimjua baba yangu kwa maneno yangu mwenyewe, na alijua vizuri kuliko sisi sote kwamba yeye hana wa kumleta.

Nimekwenda kumtafuta mara mbili. Nyumba ya bibi imeanguka. Wengine wanasema aliolewa Tunduru, wengine Mbinga, na hakuna mwenye namba yake ya simu.

Sijawaambia habari za Jumapili, ile kabla hajaondoka. Tulikuwa kanisani, yeye benchi la mbele yangu. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu, kwa moyo wangu wote, kwa kumziba Sesilia macho. Ulipofika wakati wa kutakiana amani, aligeuka akanipa mkono. Kiganja chake kilikuwa na malengelenge ya fyekeo, nikauachia haraka ule mkono kwa sababu ulikuwa na majimaji.